Kwinini na Mdundo wa Moyo

Kata ya Ndama, wilayani Karagwe, imo katika Mkoa wa Kagera, mmojawapo wa mikoa ya Tanzania inayosumbuliwa sana na malaria. Kwa miaka mingi dawa iliyotegemewa dhidi ya malaria kali ilikuwa kwinini, itokanayo na magome ya mkwinini. Siku hizi hutangulizwa sindano ya artesuneti, na kwinini hutumika pale artesuneti inapokosekana. Kwa hiyo yafaa kuelewa jinsi dawa hii inavyogusa moyo.

Kila pigo la moyo huanzishwa na umeme mdogo. Chembe za sodiamu huingia katika seli kupitia vijitundu vya utando wake, na msuli hujikaza. Kisha chembe za potasiamu hutoka, na seli hutulia ikingojea pigo lifuatalo. Kwinini huziba baadhi ya vijitundu hivyo, hivyo utulivu huchelewa. Dawa ikizidi katika damu, pigo jipya laweza kufika kabla seli hazijawa tayari. Hapo moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu, na mgonjwa huweza kuzimia, hata kufa.

Tabia hiyo hiyo iliwahi kuleta manufaa. Mwaka 1912 mfanyabiashara mmoja Mholanzi alimweleza daktari Karel Wenckebach kwamba kwinini ilimrudishia mdundo wa moyo uliovurugika. Mwaka 1918 Walter Frey, wa Ujerumani, alionyesha kuwa kwinidini, pacha wa kwinini, ina nguvu zaidi katika kazi hiyo. Nayo pia ikizidi huvuruga moyo.

Tofauti baina ya tiba na sumu, basi, imo katika kiasi na mwendo. Kipimo cha kwinini hufuata uzito wa mgonjwa. Ikitiwa mshipani huchanganywa na maji ya dripu, ikaingia polepole, kwa kawaida kwa muda wa saa 4. Kuisukuma kwa mkupuo ni hatari. Hatari huongezeka pia mgonjwa anapopungukiwa potasiamu kwa kuhara na kutapika, au anapotumia dawa nyingine zenye kuchelewesha utulivu wa moyo, mathalani erithromaisini.

Haifai, hata hivyo, kuiogopa dawa iliyoandikwa na mganga, kwani malaria kali isiyotibiwa huua. Lililo muhimu ni kupimwa damu kwanza, kumtajia mganga dawa zote zinazotumiwa na ugonjwa wowote wa moyo, kutoongeza wala kurudia kipimo kwa hiari, na kurudi zahanati mara moja moyo ukienda mbio au kizunguzungu kikizidi.