Kabla Hujapiga Windows, Angalia Nani Anakula Mashine

Waliowahi kupangiwa fildi wilayani Rungwe wanaijua hali hii. Tukuyu mvua inanyesha tangu asubuhi, umeme umekatika, ripoti inatakiwa, na laptopu ya mtumba inaunguruma kama mashine ya kusaga wakati umefungua Word peke yake. Betri inashuka huku unaiona. Ushauri wa mtaani ni mmoja tu: mpelekee fundi aipige Windows upya. Ukikubali kabla ya kuhamisha mafaili, na ripoti nayo imekwenda.

Mara nyingi mashine imeelemewa tu. Kila programu inayofanya kazi huendeshwa kama mchakato, mmoja au zaidi, na mingi haina dirisha unaloliona. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Bofya kichwa cha safu ya CPU na walaji wakubwa watapanda juu. Safu ya Disk usiiruke: kwenye laptopu zenye diski ya zamani, ile inayozunguka, unaweza kukuta imegonga asilimia 100 huku CPU imetulia. Hapo ukiilaumu prosesa unaionea.

Tatizo ni kwamba jina la mchakato linaweza kudanganya. Chukua svchost.exe. Windows yenyewe huendesha nyingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo virusi vya flashi hupenda kujificha nyuma ya jina hilo. Hapa ndipo Process Explorer inapokuja. Ni kazi ya Mark Russinovich wa Sysinternals, kampuni iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2006; ni ya bure, haihitaji kusakinishwa, unaibeba kwenye flashi. Inapanga michakato kama ukoo: huyu kazaliwa na nani. svchost halali kwa kawaida huwa chini ya services.exe, na faili lake linakaa ndani ya System32. Ukikuta nyingine imezaliwa na programu iliyo kwenye flashi uliyoazima stesheneri, ujue umekaribisha mgeni.

Kuna na ile kero ya flashi kugoma kutoka, unaambiwa bado inatumika. Inatumika na nani? Kwenye menyu ya Find ya Process Explorer, andika jina la faili au herufi ya flashi. Utaonyeshwa mchakato ulioishikilia. Funga huo tu. Kuchomoa kwa nguvu ndiko kunakoharibu mafaili.

Wengi wetu tunajua kuua tu, yaani End task. Ukiiua Word, ulichokuwa hujahifadhi kinaweza kupotea. Ila mchakato unaweza pia kusimamishwa: bofya kulia, chagua Suspend, nao utaacha kutumia CPU mpaka uuambie Resume. Unafaa kwa ile programu nzito unayoihitaji baadaye, betri ikiwa imebaki kidogo. Usijaribu kwa michakato ya mfumo wenyewe, skrini nzima inaweza kuganda.

Wenzetu wa Linux wana htop, na kwao kill ya kawaida hutuma ishara namba 15, yaani ombi la kufunga kistaarabu. Namba 9 haiombi. Anza na 15.

Halafu bando. Umewasha hotspoti ya simu utume ukurasa mmoja kwa msimamizi, dakika chache baadaye bando limekwisha. Andika resmon kwenye sehemu ya kutafutia, fungua Network, utaona kila mchakato unatuma na kupokea kiasi gani. Aghalabu ni masasisho ya Windows au programu inayopandisha picha zako mtandaoni. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo washa Metered connection, masasisho mengi yatasubiri. Ile ya picha izime mwenyewe. Na Process Explorer ipakue ukiwa bado chuoni, kwenye Wi-Fi ya bure, siyo ukishafika Tukuyu.