Habari za Meru na Embu, na Jinsi Watu Wake Wanavyopiga Kura

Kenya, jirani yetu sisi Watanzania upande wa kaskazini, ilihesabu watu wake mwaka 2019 ikapata 47,564,296, waliogawanyika katika kaunti 47, na kila kaunti ina gavana wake aliyechaguliwa kwa kura. Meru ina watu 1,545,714 na majimbo tisa ya ubunge. Embu ina watu 608,599 na majimbo manne. Na baina yao imelala Tharaka-Nithi. Zote tatu zimeegemea ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, na mito yao mingi huteremkia Tana, palipojengwa mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Dini kuu ni ya Kikristo: Wamethodisti Meru, Wapresbiteri Chogoria, Waanglikana Embu, na Wakatoliki kotekote. Shule ni nyingi. Atakaye hesabu zaidi na azitafute katika vitabu vya sensa, kwa maana tangu nifike Maua hamu yangu yote ilielekea kwenye jani.

Maua, upande wa Igembe katika kaunti ya Meru, ni mji wa miraa, ile ile ambayo kwetu huitwa mirungi, ikakatazwa na sheria na kung'olewa na askari katika milima ya Same. Huko Igembe ndiyo ada ya shule, ndiyo mahari, ndiyo bati la nyumba. Alfajiri vijana hupanda mitini wakachuma vichipukizi, wenzao wakavichambua na kuvifunga vifurushi kwa majani ya migomba, na kabla ya adhuhuri gari huwa limekwisha kushika njia ya Nairobi kwa mwendo wa kumkumbusha abiria shahada yake. Kwani miraa ikilala siku mbili tatu thamani yake imekwisha. Sasa mtu ambaye riziki yake hufa kwa siku mbili tatu atakuwaje mvumilivu kwa mwanasiasa? Uholanzi ilipoifungia miraa mlango mwaka 2013, na Uingereza mwaka uliofuata, lawama zilivuka bahari zikarudi Nairobi. Na Somalia, iliyozuia miraa tangu Machi 2020, ilipoifungulia tena Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, habari hiyo, kwa rai yangu, ilikuwa na uzito zaidi Igembe kuliko ilani ya chama chochote.

Walakini ukipanda Imenti, mwendo wa saa chache katika kaunti hiyo hiyo, mambo ni mengine kabisa. Huko ni chai, kahawa na maziwa, mazao ambayo malipo yake hungojewa, na mpiga kura wa huko aghalabu huuliza habari za chama cha ushirika, mizani ya kiwandani na bonasi ya mwaka. Fauka ya hayo, Imenti, Tigania na Igembe hutazamana kwa hadhari, kila mmoja akihesabu zamu yake: mwaka 2013 ugavana ulikwenda kwa Peter Munya wa Tigania, na mwaka 2017 kwa Kiraitu Murungi wa Imenti. Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la jadi la Wameru, husikilizwa kwa adabu kubwa, kisha kila mtu akaenda kupiga kura yake.

Embu nayo ina mpaka wake wa ndani. Ubavuni mwa mlima wamekaa Waembu wenye chai na kahawa. Tambarare kavu ni ya Wambeere, wa pojo, mtama na muguka, ndugu wa miraa aliye mfupi na rahisi wa bei. Mei 2024 gavana wa Mombasa aliupiga muguka marufuku, Kilifi na Taita Taveta zikamfuata, hata Mahakama Kuu iliyokaa Embu ikasimamisha amri hiyo. Karibu na Siakago, huko Mbeere, nilimwuliza mzee mmoja, aliyekuwa akipangusa vumbi vichakani mwake, humpimaje anayekuja kuomba kura. Akanijibu, "Mimi namwuliza tu, muguka wetu ulipofukuzwa Mombasa, wewe ulikuwa wapi?"

Wageni husema kura za Mlima ni furushi moja. Lakini Naibu Rais Gachagua wa Nyeri alipoondolewa Oktoba 2024, nafasi yake ikashikwa na Kithure Kindiki wa Tharaka-Nithi, na upande wa mashariki ukaonja ukubwa ambao upande wa magharibi umeuzoea. Na katika uchaguzi mdogo wa Mbeere Kaskazini, tarehe 27 Novemba 2025, mgombea wa serikali alimshinda yule aliyeungwa mkono na Gachagua kwa kura zisizofika elfu moja. Furushi gani hilo?

Sisi kwetu mgombea hutujia na kanga na fulana, tukazivaa, tukaimba, wala hatumwulizi bei ya korosho ilikuwaje wala yeye alikuwa wapi ilipoanguka. Wakuu wa mikoa huteuliwa, nasi huwapokea kwa ngoma. Wameru, Agosti 2022, walimpa William Ruto wa chama cha UDA kura zao nyingi za urais, na siku hiyo hiyo wakamkataa mgombea ugavana wa UDA pamoja na gavana aliyekuwapo, wakamchagua Kawira Mwangaza, asiye na chama. Kweli, baadaye aling'olewa, Seneti ikathibitisha Agosti 2024, na mabishano ya Meru hayana haiba. Lakini walimchagua wenyewe. Kwetu mtu kama yeye hata jina lake lisingeandikwa katika karatasi ya kura. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ikikaa hapa hapa Arusha, ilihukumu mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Mtikila, kwamba katazo hilo la wagombea wasio na chama linavunja haki ya raia, na katiba yetu haijabadilishwa.