Hadhira Iliyonyamaza: Ushiriki wa Wasikilizaji katika Ughani wa Filimbi na Piano

Katika mihadhara ya fasihi simulizi tumezoea kuigawa hadhira katika mafungu mawili: hadhira tendi, ambayo huitikia, huimba, hucheza na hata kumkatiza fanani, na hadhira tuli, ambayo huketi na kusikiliza tu. Mgawanyo huu unafaa sana siku ya mtihani. Tatizo ni kwamba lile neno "tu" limekuja kubeba hukumu, kana kwamba anayenyamaza hana mchango wowote katika utendaji. Makala haya yananuia kuihoji hukumu hiyo kwa kumtazama msikilizaji aliye kimya kuliko wote, yaani yule anayehudhuria onyesho la filimbi na piano. Mfano tutakaoutegemea ni sonata ya filimbi na piano ya mtunzi Mfaransa Francis Poulenc (1899–1963). Historia ya kupigwa kwake kwa mara ya kwanza ina jambo ambalo mwanafunzi wa fasihi simulizi hawezi kulipita hivi hivi.

Kwanza istilahi. Onyesho la aina hii, ambapo mwanamuziki mmoja au wawili hupiga ala mbele ya watu walioketi, halijapata jina mahsusi katika lugha yetu. "Tamasha" ni pana mno na lina vumbi la uwanjani, "burudani" inapwaya. Jina linalotumiwa na Waingereza lilianza kuvuma pale mpiga piano Franz Liszt alipolitumia kutangaza onyesho lake jijini London mnamo Juni 1840. Wenyeji walishangaa. Kwao neno hilo lilihusu kukariri maneno, wakauliza mtu atakariri vipi kwa piano. Mshangao wao unatufaa sisi, kwa kuwa Kiswahili tayari kina kitenzi "kughani", ambacho kimekaa katikati ya kusema na kuimba na ambacho hakikamiliki bila ya sikio la mtu wa pili. Kwa hivyo nitasema "ughani wa ala", nikitaraji kwamba wanaleksikografia watanisahihisha wakiwa na neno bora.

Poulenc aliiandika sonata hii kati ya Desemba 1956 na Machi 1957 kwa ombi la wakfu ulioanzishwa na Bi. Elizabeth Sprague Coolidge katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Bi. Coolidge alikuwa ameaga dunia mwaka wa 1953, na kazi hii ilitabarukiwa kumbukumbu yake. Ilipigwa hadharani kwa mara ya kwanza tarehe 18 Juni 1957 katika tamasha la muziki la Strasbourg, mashariki mwa Ufaransa. Filimbi ilipigwa na Jean-Pierre Rampal (1922–2000), na Poulenc mwenyewe akaketi kwenye piano.

Hata hivyo, siku moja kabla ya hapo ilikuwa imekwisha kupigwa. Mpiga piano mashuhuri Arthur Rubinstein alikuwa mjini humo na hangeweza kubaki hadi kesho yake. Akaomba apigiwe. Rampal na Poulenc wakaipiga sonata yote, na Rubinstein ameketi peke yake katikati ya safu ya mbele.

Je, hayo yalikuwa mazoezi au utendaji? Ala ni zile zile, wapigaji ni wale wale, noti hazikubadilika. Kama Rubinstein angekuwa chumbani mwake hotelini, tungesema bila kusita kwamba ni mazoezi. Kilichoongezeka ni mtu mmoja aliyeketi na kunyamaza, na kwa kuongezeka kwake wanahistoria wa muziki huihesabu siku ile kuwa uzinduzi wa kwanza, japo usio rasmi. Basi hadhira tuli, hata ikiwa ya mtu mmoja, ndiyo inayoligeuza zoezi likawa ughani.

Tusiishie kwenye dhana. Kimya cha wasikilizaji kina kazi inayosikika. Filimbi inayozungumziwa hapa hulazwa upande, kama chivoti cha Wadigo, na mpigaji hupuliza hewa kwenye ukingo wa tundu. Sauti zake za chini ni dhaifu, nyepesi kufunikwa na piano. Katika ughani wa namna hii kwa kawaida hakuna kipaza sauti. Kwa hiyo kinachoiwezesha sauti ya chini kufika safu ya nyuma ni, kwa upande mmoja, mkono mwepesi wa mpiga piano, na kwa upande wa pili, watu mia mbili waliokubaliana kuzuia kikohozi. Pumzi ya mpigaji nayo husikika anapoivuta baina ya vifungu, na wasikilizaji wengi, bila kujua, huivuta pamoja naye. Zaidi ya hayo, miili na nguo za watu hunyonya sauti, hivi kwamba ukumbi mtupu huvuma kuliko uliojaa. Asiyefanya lolote ila kuketi tayari ameibadilisha sauti anayoisikia jirani yake.

Sonata yenyewe ina sehemu tatu na huchukua takriban dakika kumi na mbili. Ya kwanza ina huzuni isiyotulia: filimbi inaingia papo hapo kwa sauti chache za haraka zinazoporomoka. Ya pili ni ya taratibu. Piano inatangulia na filimbi inaifuata nyuma kidogo kama mwangwi, kisha inashika wimbo mrefu. Ya tatu ni ya mbio na mzaha, ila karibu na mwisho mbio hizo zinakatika na huzuni ya sehemu ya kwanza inarudi kwa muda. Desturi inamtaka msikilizaji asipige makofi hadi sehemu zote tatu zikamilike. Hakuna anayeitangaza. Nakumbuka nilipohudhuria ughani wa sonata hii jijini Nairobi kwa mara ya kwanza: sehemu ya kwanza ilipoisha nilipiga makofi matatu, ya pekee, katika ukumbi mzima. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu aligeuka, akanitazama, akarudisha uso wake polepole. Nilibaki na mikono yangu mapajani hadi mwisho, na hata wakati wa kupiga makofi ulipofika nilisubiri wengine waanze.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kosa lile lilikuwa la ushamba. Sasa naona halikuwa kosa la sanaa bali la desturi, na desturi hiyo si ya kale kama inavyojifanya. Tarehe 18 Juni 1778 (ile ile 18 Juni!) simfonia mpya ya Mozart ilipigwa jijini Paris. Katika barua aliyomwandikia babake tarehe 3 Julai, Mozart alieleza kwa furaha jinsi watu walivyopiga makofi katikati ya sehemu ya kwanza. Alikuwa amekitarajia kifungu kitakachowasisimua, akakirudisha tena kuelekea mwisho. Mtunzi huyo alitunga akiyajua makofi, kama mshairi wa taarabu anavyoujua ubeti utakaomwinua mtu kitini kwenda kumtunza mwimbaji. Kimya tunachokiona leo kuwa maumbile ya muziki huo kilifundishwa, hasa katika karne ya 19, mpaka kikawa adabu.

Ikiwa kunyamaza ni jambo linalofundishwa, linalokosewa na kuadhibiwa kwa jicho la mama wa watu, basi ni tendo. Msikilizaji wa Poulenc na mshangiliaji wa taarabu wote wawili wanatenda. Wanatofautiana katika kanuni walizofunzwa. Ningependekeza basi tuache kusema hadhira tuli "haishiriki", tuulize badala yake inashiriki kwa kuzuia nini, na hadi lini.

Swali hili limenirudisha kwenye kazi yangu mwenyewe. Nilipokuwa nikikusanya data ya tasnifu katika pwani yetu, nilirekodi wazee wakighani tenzi mbele ya jamaa zao. Wakati wa kunukuu nilikata kila pahali ambapo hapakuwa na sauti ya mghani, ili kupunguza urefu, na chini ya kichwa "Hadhira" nikaandika neno moja: kimya. Bahati nzuri rekodi za awali ninazo bado. Nimeanza kuzisikiliza upya kwa saa mkononi, nikipima kila kimya na kuandika kilitokea baada ya ubeti upi, na nani alikikatiza.