Karani Mmoja, Miaka Mitano, Bili Mbili

Aprili 2009 Kenya ilisogeza umri wa kustaafu katika utumishi wa umma kutoka miaka 55 hadi 60. Hatua kama hii hutetewa kwa hoja kwamba inapunguza mzigo wa pensheni. Tuipime kwa karani mmoja wa kubuni wa masijala.

Aliajiriwa akiwa na miaka 25. Mshahara wake wa msingi sasa ni Sh50,000, yaani 600,000 kwa mwaka. Katika mfumo wa zamani wa pensheni, kila mwezi aliofanya kazi humpa sehemu moja kwa 480 ya mshahara wa mwaka. Akiondoka na miaka 55 ana miezi 360, hivyo pensheni ni Sh450,000 kwa mwaka. Robo yake huzidishwa kwa 20 na kulipwa kwa mkupuo mmoja. Hicho ndicho kiinua mgongo: Sh2,250,000. Iliyobaki, 337,500 kwa mwaka, humfikia kama Sh28,125 kila mwezi.

Akibaki hadi 60, miezi ni 420. Kiinua mgongo kinapanda hadi Sh2,625,000 na pensheni iliyobaki hadi 393,750.

Sasa mwajiri. Akimstaafisha na 55 na kuajiri kijana wa Sh30,000, miaka mitano inamgharimu kiinua mgongo 2,250,000, pensheni 1,687,500 na mishahara ya kijana 1,800,000. Jumla Sh5,737,500. Akimbakiza, analipa mishahara 3,000,000 tu, na hapo ndipo wengi hufunga daftari. Ila siku karani anatimiza 60, kiinua mgongo kinadaiwa. Jumla inakuwa Sh5,625,000.

Nafuu ni Sh112,500. Pensheni yake sasa ni kubwa kwa Sh56,250 kila mwaka. Akifika 62, nafuu imekwisha.

Kuna dhana mbili za kutiliwa shaka. Kwanza, mshahara haupandi na mfumuko wa bei haupo. Kwa kweli shilingi inayolipwa baadaye ni nyepesi, na hilo humpendelea mwajiri. Pili, kijana anaajiriwa kweli. Nafasi ikiachwa wazi, kumstaafisha kunagharimu Sh3,937,500 tu, na kumbakiza kunakuwa ghali kwa 1,687,500. Zaidi ya dhana hizo, hesabu hii haimjui mtu anayenyoosha mkono rafu ya tatu na kutoa faili la mwaka 1994 bila kufungua rejista.

Kisha likaja la Januari 2021: mfumo wa michango, wa lazima kwa waliokuwa chini ya miaka 45. Mtumishi huchanga asilimia 7.5 na serikali 15. Kwa kijana wa Sh30,000, mchango wa serikali ni Sh4,500 kwa mwezi, au 270,000 kwa miaka mitano. Kumbakiza mzee kunaonekana kuokoa hizo pia, na nafuu inafika Sh382,500, ya kutosha karibu miaka saba badala ya miwili. Lakini hata kabla ya 2021 kijana alikuwa akijilimbikizia miezi yake, kila mmoja sehemu moja kwa 480. Ila gharama yake haikuandikwa kwenye bili ya kila mwaka.