Urembo wa Jikoni: Alizeti Ndiyo, Mkorogo Hapana



Hivi karibuni nilikuwa Mtinko, kule Wilaya ya Singida, kuongea na wanafunzi wa sekondari juu ya afya. Kama kawaida yetu tuliweka sanduku la maswali. Unaandika swali kwenye kikaratasi, huweki jina, unatumbukiza. Nilitegemea maswali ya UKIMWI, mimba na hedhi, na kweli yalikuwepo. Lakini kikaratasi kimoja kilinifanya nikae chini. Mwandishi wake alikuwa msichana. Alisema ngozi yake ni nyeusi na imekauka, na kwamba kaka mmoja mwenye pikipiki amemwahidi losheni ya kung'arisha. Akataka kujua: aipokee au aache?

Basi leo namjibu yeye, na wewe pia, maana swali hili si la mtu mmoja. Jibu langu kwa kifupi: ngozi yako haina kosa. Inachohitaji ni mafuta, maji na mapumziko, na vyote hivyo unaweza kuvipata nyumbani bila kumpigia mtu magoti.

Ngozi nyeusi ina kazi gani?

Ndani ya ngozi kuna seli zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Rangi hiyo haikuwekwa pale kwa bahati mbaya. Ni mwavuli. Inazuia sehemu kubwa ya mionzi mikali ya jua isiharibu seli za chini. Na jua la Singida unalijua mwenyewe! Mkoa uko juu kwenye uwanda, mji wa Singida uko takribani mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, mvua ni za msimu mmoja, na upepo ukianza mwezi wa sita hadi wa nane hauna huruma. Upepo mkavu unanyonya unyevu kwenye ngozi. Ndiyo maana miguu inapauka, midomo inapasuka, na visigino vinafanya magaga.

Kwa hiyo ukiona ngozi imepauka usiseme "mimi ni mbaya". Sema "ngozi yangu ina kiu".

Mkorogo unafanya nini?

Hapa nitasema ya kwangu. Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni nilinunua krimu kwenye kikopo kisicho na lebo. Muuzaji aliikoroga mbele yangu, kijiko cha hiki, kijiko cha kile. Wiki ya tatu watu walikuwa wananisifu. Mwezi wa nne niliacha, kwa sababu hela iliisha. Hapo ndipo uso ulipolipuka vipele, ukawa unawasha, na nikitoka juani nasikia kama nimemwagiwa pilipili. Mabaka juu ya mashavu yalikaa zaidi ya mwaka. Ilibidi daktari wa ngozi aniambie ukweli: uzuri ule wa wiki ya tatu ulikuwa mkopo, na sasa nilikuwa naulipa na riba.

Mikorogo mingi huwa na kimoja au zaidi kati ya vitu vitatu. Cha kwanza ni haidrokwinoni, inayozuia ngozi isitengeneze melanini. Ikitumiwa muda mrefu bila daktari inaweza kuleta weusi wa ajabu unaofanana na masizi. Cha pili ni zebaki. Hii ni sumu. Inapenya kwenye ngozi, inaingia kwenye damu, inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwa mama mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Cha tatu ni steroidi kali, ambazo ni dawa za hospitali. Zikipakwa ovyo ngozi inakuwa nyembamba, inachanika michirizi, inaota chunusi na hata kidonda kidogo kinachelewa kupona.

Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Lakini wewe ndiye askari wa kwanza. Soma lebo. Ukikuta maneno kama "hydroquinone", "mercury", "calomel", "clobetasol" au "betamethasone", rudisha kopo mahali pake. Na kopo lisilo na lebo kabisa? Usiliguse.

Na zawadi je? Mdogo wangu, jiulize losheni ile inadai nini baadaye. Tumewaona mabinti walioanza na losheni, ikaja chipsi, ikaja vocha, mwisho "na wewe nipe changu". Zawadi inayokudai mwili si zawadi. Ni bei.

Wenzetu wa pwani wanafanyaje?

Labda utasema, "Dada, kwani kujipamba ni dhambi?" Hata kidogo. Waswahili wamejipamba tangu zamani bila kubadili rangi. Nenda Unguja au Pemba uone singo. Ni mchanganyiko wa maua na majani yanayonukia, kama waridi, asumini, mlangilangi na mpompia, pamoja na karafuu, vinavyotwangwa. Bibi harusi hukaa ndani siku kadhaa kabla ya harusi, na somo wake humsugua mwili mzima. Kuna liwa ya kupaka na udi wa kufukiza.

Angalia vizuri hapo. Kinachomng'arisha yule binti si maua peke yake. Amepumzika! Hachoti maji, hapiki, amelala vya kutosha, na kuna mtu mzima anamshika kwa upole na kumwambia maneno mazuri. Je, ni lazima usubiri harusi ndipo mwili wako upumzishwe? Mwanafunzi anayetembea mbali kwenda shule, anayebeba ndoo kichwani na kusoma kwa taa ya sola mpaka usiku, naye anahitaji saa moja.

Saa moja ya Jumamosi

Chagua jioni, baada ya kazi na kufua sare. Kama una mdogo wako wa kiume, mgawane kazi za nyumbani ili nawe upate nafasi. Na kaka zangu mnaosoma, hii ni yenu pia. Ngozi haijui jinsia.

1. Miguu kwanza. Weka maji ya uvuguvugu kwenye beseni, kiasi cha kufunika vifundo. Pima kwa kiwiko: kiwiko kikikataa, na mguu ukatae. Ukipenda weka kijiko cha chumvi, ila kama una kidonda acha chumvi. Kaa dakika 10 hadi 15. Sugua visigino taratibu kwa jiwe la miguu lililooshwa. Usikwangue magaga kwa wembe, utafungua mlango wa vijidudu. Futa vizuri, hasa katikati ya vidole, kwa sababu fangasi wanapenda unyevu. Mwenye kisukari asijitibu miguu nyumbani, amwone mhudumu wa afya.

2. Mafuta ya alizeti. Hapa wana Mtinko mmebarikiwa. Alizeti ni zao la Singida, na chupa ya mafuta huwa iko jikoni. Mafuta haya yana asidi ya linoleiki, ambayo ngozi huitumia kujenga ukuta wake wa kuzuia maji yasipotee. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013 ulilinganisha mafuta ya zeituni na ya alizeti kwenye ngozi ya watu wazima. Ya zeituni, yale ya bei mbaya, yalidhoofisha ukuta wa ngozi. Ya alizeti hayakuudhoofisha. Umeona? Kilichoko kwa mama kimeshinda cha dukani.

Namna ya kupaka: oga, jifute nusu, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu paka mafuta kidogo. Matone machache yanatosha mguu mzima. Siri iko kwenye ule unyevu, mafuta yanaufungia ndani. Tumia mafuta safi yaliyotulia, siyo yenye mashapo chini, na kamwe siyo yaliyokwisha kukaangia maandazi. Kama una chunusi, usoni paka kidogo mno au acha. Huna alizeti? Mafuta ya mgando nayo ni mazuri.

3. Asali kwa midomo. Asali ya Singida inasifiwa mpaka Dar es Salaam. Inavuta unyevu. Paka tone kwenye midomo iliyopasuka, kaa dakika 15, osha, halafu weka mafuta juu ili unyevu usipotee. Ukitaka uso mzima, jaribu kwanza sehemu ndogo ndani ya kiwiko na usubiri siku moja. Ikiwasha, basi. Asali haiponyi chunusi, asikudanganye mtu. Na mtoto mchanga chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali, inaweza kumletea ugonjwa mbaya wa kulegea misuli.

4. Shingo na pumzi. Mwombe dada, shoga au bibi akukande mabega na shingo kwa mafuta hayo hayo, pale ndoo inapoelemea. Kisha kaa au lala. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6. Rudia kwa dakika 5. Pumzi ndefu ya kutoa inaupa mwili ishara kwamba hakuna hatari, na moyo unapunguza mbio. Fanya hivi hata usiku wa kuamkia mtihani.

5. Usingizi. Huu hauuzwi dukani. Kijana wa umri wako anahitaji saa 8 hadi 10. Usiku ndipo ngozi inapojikarabati, na ndipo ubongo unapopanga ulichosoma mchana.

Mayai, ndizi na maziwa je? Ukiwa navyo, kula. Vinakusaidia zaidi tumboni kuliko usoni.

Si kila cha jikoni ni rafiki

Limau au ndimu usoni: hapana. Ni tindikali kali, na ukitoka nalo juani unaweza kuungua na kubaki na baka jeusi. Dawa ya meno juu ya chunusi: hapana, inaunguza. Magadi, sabuni ya unga na dawa ya kufanya nguo nyeupe: hapana kabisa. Nguo haina uhai, wewe unao.

Usiingize jiko la mkaa chumbani ili ujifukize au upate joto, halafu ufunge mlango na dirisha. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksidi, haionekani wala hainuki, na inaua watu wakiwa usingizini. Mvuke wa maji ya moto nao umeshaunguza wengi. Acha.

Mnapokatana kucha, kunyoana au kutogana masikio, kila mtu awe na wembe wake mpya na sindano yake mpya. Kuchangia kunaweza kuambukiza homa ya ini aina ya B na VVU, na chombo kichafu huweza kuleta pepopunda. Urafiki tunachangia kalamu na chumvi, wembe hapana.

"Eti chunusi zinaisha ukianza mapenzi?"

Swali hili nalo lilikuwa ndani ya sanduku, tena zaidi ya mara moja. Jibu: uongo mtupu. Chunusi huja kwa sababu homoni za balehe zinafanya ngozi itoe mafuta mengi, vinyweleo vinaziba, na bakteria wanafanya makao humo. Tendo la ndoa haliziondoi. Linaweza kukuletea mimba na magonjwa, na chunusi ukabaki nazo pale pale. Osha uso mara 2 kwa siku kwa maji na sabuni isiyo kali, usizitumbue, uwe na subira. Kwa wengi hupungua umri ukisogea.

Nenda kituo cha afya kama chunusi ni kubwa, zinauma na kuacha makovu, kama kuna baka lisilosikia mguso, kama unawashwa sana usiku pamoja na wenzako mnaolala chumba kimoja, au kama umekuwa ukitumia mkorogo. Usione aibu kusema umetumia nini. Beba na kopo lenyewe. Na kama umepaka kwa muda mrefu usikatishe ghafla kimyakimya, mhudumu atakuelekeza namna ya kuacha bila ngozi kulipuka.

Sasa wewe uliyeandika kile kikaratasi. Sikujui jina, na sihitaji kulijua. Mwambie yule kaka asante, sihitaji. Jumamosi hii chemsha maji, chukua kijiko kimoja cha alizeti, umwite mdogo wako mkae wote mlangoni na miguu ndani ya beseni. Baada ya wiki mbili jitazame kwenye kioo. Utakuwa mweusi vile vile, ila unang'aa.