Je, Wajua? Jitu la Ulingoni Mbele ya Mlango wa Bosi

Je, wajua kuwa mwanamieleka anayembwaga mwenzake mbele ya umati uliojaza uwanja wa mpira anaweza kumaliza msimu mzima bila kuthubutu kumweleza bosi wake wazo moja? Waliokulia Isiolo wakijazana kwenye vibanda vya video kushangilia mieleka ya Marekani wanajua kuwa mshindi hupangwa. Wasichokijua wengi ni jinsi mambo yanavyopangwa huko nyuma ya pazia, na kwa nini mtu mwenye misuli kama ile hufyata ulimi akiitwa ofisini.

Je, wajua kuwa kwa miaka 40 mtu mmoja ndiye aliyekuwa na neno la mwisho? Vince McMahon aliinunua kampuni ya mieleka ya baba yake mwaka 1982, na mpaka Julai 2022 yeye ndiye aliyeamua nani ashinde, nani apigwe, na nani apewe maikrofoni. Wazo la mwanamieleka lilipita kwanza kwa waandishi wa hadithi, likaenda kwa mkuu wao, ndipo likamfikia yeye. Tena angeweza kuitupa hadithi nzima ya jioni ile saa chache kabla ya matangazo kuanza. Ukishaona kazi ya wiki nzima ikichanwa mchana mmoja, utapeleka wazo la pili kwa moyo upi?

Je, wajua kuwa wanamieleka wa kampuni hiyo, WWE, kisheria si waajiriwa? Mikataba yao huwaita wakandarasi huru, ingawa kampuni ndiyo inayowapangia watavaa nini, wataitwa nani na watapigana wapi. Hawana chama cha wafanyakazi wala pensheni ya kampuni. Kibarua anayesimama alfajiri kwenye eneo la ujenzi Isiolo akingoja kuchaguliwa anaielewa hali hiyo bila kufafanuliwa: mtu asiye na uhakika wa kesho hawezi kumwambia msimamizi kuwa ukuta unajengwa vibaya.

Je, wajua kuwa aliyejaribu kubadilisha hilo alikuja kuwa gavana? Mwaka 1986, karibu na onyesho kubwa la WrestleMania 2, mwanamieleka Jesse Ventura aliwasihi wenzake waunde chama cha kutetea haki zao. Habari zikamfikia bosi upesi, na mpango ukafa. Miaka kadhaa baadaye Ventura aliishtaki kampuni kuhusu malipo ya kanda za video. Amesimulia kuwa ni katika kesi hiyo alipojua nani aliyepeleka maneno: Hulk Hogan, nyota mkubwa kuliko wote na mtu aliyemdhani rafiki. Ventura alishinda kesi, na mwaka 1999 akaapishwa kuwa gavana wa jimbo la Minnesota. Wanamieleka hawajapata chama mpaka leo. Ninalitilia uzito kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kuwa anayenyamaza kazini hamwogopi bosi peke yake. Anamwogopa pia mwenzake anayekaa naye benchi moja.

Je, wajua kuwa adhabu humwangukia asiye na kinga? Mei 1996, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, marafiki wanne walikumbatiana ulingoni mbele ya mashabiki, ilhali hadithi iliwataka wawe mahasimu. Wawili, Kevin Nash na Scott Hall, walikuwa wanahamia kampuni pinzani, hivyo hawakuweza kuguswa. Wa tatu, Shawn Michaels, alikuwa ndiye bingwa. Akabaki Triple H, na mzigo wote akatwikwa yeye: ushindi wa mashindano ya King of the Ring aliokuwa amepangiwa mwezi uliofuata akapewa mtu mwingine.

Huyo mtu mwingine alikuwa Steve Austin. Je, wajua kuwa jina lake maarufu lilizaliwa kwenye kikombe cha chai? Kampuni ilikuwa imempa jina la “The Ringmaster”, naye akaliona halina ladha. Aliomba awe mhusika katili mwenye moyo baridi, asiye na huruma, baada ya kutazama filamu ya kumbukumbu kuhusu muuaji wa kukodiwa. Ofisi ikamrudishia orodha ya majina ya baridi na barafu ambayo yeye mwenyewe aliyaona ya kuchekesha, kama “Fang McFrost” na “Ice Dagger”. Alikuwa amekata tamaa, ndipo mkewe wa wakati huo, Mwingereza, alipomwambia anywe chai kabla haijapoa kabisa, na kwa maneno yale yale ya Kiingereza akamwonyesha jina: “Stone Cold”. Ofisi ililikubali, na mtu huyo akaiingizia kampuni fedha nyingi kuliko karibu nyota yeyote wa kizazi chake. Orodha yote ile ya wataalamu ilishindwa na mazungumzo ya jikoni.

Hata hivyo, hata Austin alifikia mahali pa kunyamaza. Juni 2002 aliambiwa ashindwe na kijana Brock Lesnar katika pambano la runinga ambalo halikuwa limetangazwa. Hakukubaliana na mpango huo. Badala ya kukaa na bosi waujadili, aliondoka bila kufika kwenye onyesho, na baadaye amekiri hadharani kuwa alijutia uamuzi huo. Ikiwa nyota wa kiwango chake aliona kutoweka ni rahisi kuliko kuzungumza, chipukizi wa mwaka wa kwanza afanyeje?

Je, wajua kisa cha mwanamieleka Zack Ryder? Mwaka 2011, alipoona haonyeshwi kwenye runinga, alianzisha kipindi chake mwenyewe kwenye YouTube. Mashabiki wakampenda, wakaliimba jina lake ukumbini, kampuni ikalazimika kumpa mkanda wa ubingwa wa Marekani Desemba hiyo. Januari 2012 akanyang’anywa. Wiki zilizofuata hadithi ilimwonyesha akipigwa na kudhalilishwa mara kwa mara, na mkanda ule hakurudishiwa. Wenzake walikuwa wakitazama.

Na je, wajua kuwa Desemba 2014, akihojiwa na Austin huyo huyo, McMahon alilalamika kuwa wanamieleka wa kizazi kipya hawana ari ya kunyakua nafasi na wanaogopa kushindwa? Hapo nasema waziwazi: hakuwatendea haki. Walikuwa wamemwona Ryder akinyakua nafasi, na wakaona yaliyompata.

Lakini wapo waliopenya. Mwaka 2014 wanamieleka watatu weusi, Kofi Kingston, Big E na Xavier Woods, waliunganishwa kuwa kundi la New Day na kupewa sura ya wahubiri wenye tabasamu. Mashabiki wakawazomea. Walirudi kwa wakubwa mara kwa mara wakiomba waachwe wawe wao wenyewe, na wakakataliwa kabla ya kukubaliwa. Kuanzia Agosti 2015 walishikilia mikanda ya wachezaji wawili wawili kwa siku 483, rekodi ya wakati huo. Na Aprili 2019 Kingston, mzaliwa wa Kumasi nchini Ghana, akawa bingwa wa WWE wa kwanza aliyezaliwa Afrika. Walikwenda watatu, wakasema kauli moja. Mzigo wa kukataliwa ukigawanywa kwa watatu hubebeka.

Je, wajua kuwa idadi ya waajiri hubadilisha sauti ya mfanyakazi? Kati ya 1995 na 2001 kampuni ya WCW ilishindana na ya McMahon kila Jumatatu usiku, na mwanamieleka aliyepuuzwa upande mmoja alivuka upande wa pili. Machi 2001 McMahon akainunua WCW. Kwa karibu miaka 18 iliyofuata hapakuwa na mlango mwingine wa ukubwa ule nchini Marekani, mpaka kampuni mpya ya AEW ilipotangazwa Januari 2019. Mwaka huo huo Jon Moxley, aliyeitwa Dean Ambrose alipokuwa WWE, aliondoka na kueleza kwa kirefu jinsi alivyochoka kusomeshwa maneno asiyoyaamini.

Sasa tuuache ulingo.

Je, wajua kuwa mwaka 1970 wanasaikolojia Sidney Rosen na Abraham Tesser walionyesha kwa majaribio kuwa watu hukawia kupeleka habari mbaya, au hawazipeleki kabisa, hata kama si wao waliosababisha ubaya huo?

Je, wajua kuwa mwaka 2011 James Detert na Amy Edmondson walichapisha utafiti kuhusu imani zinazomfunga mfanyakazi mdomo? Walikuta kuwa mtu hudhani bosi ana mapenzi na mpango uliopo, kwa hiyo kuukosoa ni kumkosoa yeye. Hudhani lazima awe na ushahidi kamili kabla ya kufungua kinywa. Huona ni vibaya kumruka bosi na kwenda juu yake, au kumkosoa mbele ya watu. Na huamini kuwa kusema kutamharibia kazi. Linalonigusa ni kwamba imani hizi hazihitaji bosi mkali. Mtu huzibeba kutoka kazi ya zamani, shuleni, hata nyumbani, akaja nazo kwa bosi mpole ambaye naye hushangaa mbona ofisi yake kimya.

Je, wajua kuwa kimya hicho kinaweza kuua? Usiku wa tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways, safari namba 507, iliruka kutoka Douala, Cameroon, kuja Nairobi. Ilianza kuondoka bila kibali cha mnara. Hewani, gizani na baada ya mvua kubwa, ikaanza kulalia upande wa kulia polepole bila kurekebishwa, na ikaanguka kwenye kinamasi cha mikoko muda mfupi tu baada ya kuruka. Watu wote 114 walikufa. Uchunguzi ulieleza kuwa rubani mkuu alipoteza mwelekeo na kwamba marubani hawakushirikiana ipasavyo. Mkuu alikuwa na umri wa miaka 52 na hulka ya ukali. Msaidizi wake alikuwa na miaka 23, kijana mpole. Sauti ya kijana ilisikika ikielekeza ndege irudishwe kushoto wakati muda ulikuwa umekwisha. Sisemi haya kuwalaumu marehemu. Nasema kwa sababu kila ofisi, zahanati na karakana hapa Isiolo ina kijana wa miaka 23 aliyeona jambo.

Je, wajua sanduku la maoni lina umri gani? Mwaka 1721 mtawala wa Japani, Tokugawa Yoshimune, aliweka sanduku mjini Edo, Tokyo ya leo, ili raia wa kawaida watumbukize maoni. Ufunguo alikaa nao mwenyewe. Barua isiyo na jina ilitupwa. Daktari mmoja aliandika akiomba hospitali ya maskini, na mwaka uliofuata hospitali ikajengwa. Masanduku yetu yanayokaa kwenye korido za ofisi za umma hufunguliwa na nani, na lini? Hilo ni swali halali la kuuliza mapokezi.

Je, wajua kuwa Probox inayokubeba kutoka Isiolo hadi Meru ni ya kampuni iliyoanza mpango wa kupokea maoni ya wafanyakazi mwaka 1951? Katika viwanda vya Toyota, fundi wa ngazi ya chini anaruhusiwa kuvuta kamba na kusimamisha kazi akiona kasoro.

Je, wajua kuwa Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 46, inasema kuwa mfanyakazi kulalamika dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumfukuza, labda malalamiko yawe ya upuuzi na yasiyo na msingi? Inamlinda mwajiriwa. Aliyeandikwa kuwa mkandarasi huru yuko nje ya uzio huo, kama wale wa ulingoni.

Je, wajua kuwa wafugaji wa Isiolo wana dawa ya zamani ya tatizo hili? Katika utaratibu wa dedha wa Waborana wa Waso, wazee hugawa malisho: ya masika, ya kiangazi, na yale ya akiba ya ukame. Aba herega husimamia zamu za kunywesha mifugo kisimani. Kabla ya kuhama, watu hutumwa mbele kukagua nyasi na maji, na wazee husubiri habari zao. Aliyetumwa haitwi kiherehere anaporudi na habari mbaya, maana kusema ndiyo kazi aliyopewa. Naliona jambo hili kuwa la busara kuliko sanduku lolote, kwa kuwa wazo la mdogo halisubiri ujasiri wake. Limetengewa nafasi kikaoni.

Na je, wajua kuwa Isiolo ndiyo iliyotangulia kuujaribu mfuko wa kaunti wa mabadiliko ya tabianchi, mwanzoni mwa miaka ya 2010? Kamati za wodi, zilizochaguliwa na wananchi, zilichagua miradi yao: kukarabati visima na malambo, kujenga mabwawa ya mchanga, na kuwezesha vikao vya dedha vyenyewe. Kamati ya juu, ya kaunti, iliweza kushauri na kuboresha pendekezo, lakini pendekezo lililotimiza masharti haikuweza kulikataa. Mkubwa aliondolewa uwezo wa kusema “hapana” kwa sababu tu hakulipenda. Majaribio yakaenea Wajir, Garissa, Kitui na Makueni, na tangu 2021 kamati za wodi za aina hiyo zimeundwa katika kaunti nyingi kupitia mpango wa kitaifa wa FLLoCA.

Isiolo ina wodi 10: Wabera, Bulla Pesa, Chari, Cherab, Ngare Mara, Burat, Oldonyiro, Garbatulla, Kinna na Sericho. Ulizia majina ya wanakamati wa wodi yako na siku ya kikao chao, na kama una wazo, tafuta wawili mnaokubaliana mwende nalo pamoja.