Kitufe Chekundu na Kontakta Mbili

Wenzangu, kila aliyewahi kuingia kiwandani amekiona kitufe kile chekundu chenye kichwa kama uyoga, juu ya kibao cha manjano. Wengi wetu twaamini kwamba ukikibonyeza, mashine husimama, basi. Mimi nami niliamini hivyo mpaka likizo ya Juni iliyopita, nilipokaa kwa mjomba wangu, fundi wa umeme katika kiwanda cha mkonge mkoani Tanga.

Jirani yake ana vidole vitatu katika mkono wa kulia. Viwili alivipoteza katika kiwanda kingine, kwenye mkanda upelekao majani ya mkonge kwenye korona. Asubuhi ile mkanda ulikuwa ukikwama, nao wakawa wakiuwasha na kuuzima mara nyingi. Alipotaka kuchomoa jani, mkono ukashikwa. Mwenzake akabonyeza kitufe chekundu papo hapo, lakini mkanda haukusimama. Ilimbidi akimbie mpaka kwenye swichi kuu.

Nilimwuliza mjomba, "Kitufe kilikuwa kibovu?"

"La, mwanangu," akanijibu. "Kitufe kilifanya kazi yake. Kontakta ndiyo iliyokataa kuachia."

Ilibidi nielezwe mara mbili ndipo nikafahamu. Kitufe hakikati umeme wa mota wenyewe, kwa maana ule ni mkubwa, fezi tatu za volti 400. Chenyewe hukata umeme mdogo tu, mara nyingi volti 24, uendao kwenye koili ya kontakta. Kontakta ni swichi ivutwayo na sumaku. Koili ikipata umeme huwa sumaku, huvuta kipande cha chuma, nacho hukutanisha midomo ya madini kwa kila fezi, na mota huzunguka. Umeme wa koili ukikatika, springi huiachanisha midomo ile. Mpango huu una uzuri wake: hata waya wa kitufe ukikatika wenyewe, mota husimama.

Lakini mota inapoanza kuzunguka hunywa umeme mara 6 hivi, hata 8, kuliko ule wa kazi ya kawaida. Midomo inapogongana cheche huruka, na uso wa madini huyeyuka kidogo. Mota ikiwashwa na kuzimwa ovyo, siku moja midomo huchomeleana. Hapo koili haina umeme, springi yasukuma kwa nguvu zake zote, na mota yaendelea kuzunguka.

Basi mafundi huweka kontakta mbili mfululizo: umeme hupita katika ya kwanza, kisha ya pili, ndipo ufike kwenye mota. Moja ikiganda, nyingine hukata. Nilidhani habari imekwisha, mjomba akacheka.

"Ya kwanza ikiganda leo, nani atajua?"

Nikanyamaza. Kweli, hakuna atakayejua. Kitufe kitabonyezwa, mota itasimama, watu watarudi kazini wakidhani wana kontakta mbili, kumbe wanayo moja. Siku ile ya pili itakapoganda, watakuwa kama yule jirani.

Kwa hiyo kila kontakta huwa na mdomo mdogo wa kupelelezea, uliofungamanishwa na ile mikubwa kwa namna ambayo hauwezi kuunganika maadamu hata mmoja wa mikubwa umeganda. Midomo midogo ya kontakta zote mbili huungwa mfululizo katika njia ya kuwashia ya rilei ya usalama. Rilei hiyo haikubali kuwasha mpaka ipate habari kwamba zote mbili zimeachia. Kitufe nacho hupewa jozi mbili za midomo na njia mbili za waya, ili kasoro ya njia moja isizuie kusimama. Tena, kukirudisha kitufe mahali pake peke yake hakuruhusiwi kuwasha mota. Lazima mtu abonyeze kingine cha kuwashia.

Hayo yote hayasimamishi ngoma ya korona kwa kufumba na kufumbua, maana uzito wake huendelea kuizungusha hata umeme ukiisha kukatwa. Wala kitufe si ruhusa ya kutia mkono ndani: fundi atakaye kutengeneza huzima swichi kuu na kuitia kufuli.

Jioni moja mjomba alifunga mota ndogo juu ya meza, na kontakta zake mbili. Alipoiwasha, akaikandamiza ya kwanza kwa kijiti kikavu isiweze kuachia (nami akanikataza kabisa nisijaribu), kisha akaniambia nibonyeze kitufe. Mota ikasimama, ya pili imekata. Akakirudisha kitufe, nikajaribu kuwasha. Ikakataa. Nikajaribu tena na tena, ikakataa, mpaka alipoondoa kijiti.

Yule jirani alikuwa amekaa nasi barazani akitazama. Akaomba turudie, na safari hii abonyeze yeye. Mota iliposimama akakaa kimya kitambo, kisha akauliza kontakta ile ya pili huuzwa bei gani.